Kiangazi cha kwenye pakiti si kiangazi cha Nakuru

Wiki jana ilikuwa mara ya nne tangu Januari. Mama mmoja kashuka kwenye bodaboda mbele ya kitalu changu cha maua, kafungua mkoba, kanitolea pakiti yenye picha ya lili za waridi zenye madoadoa. Dada yake kamletea kutoka Uingereza. "Mama Maua, imeandikwa inachanua kiangazi. Si nipande Desemba, Januari yawe yamefunguka?" Mwenyewe anakaa London, huu mtaa wetu wa hapa Nakuru chini ya Menengai, na nashuku hapo ndipo mambo yalipochanganyikia.

Kabla sijasahau: vitunguu vya maua na mbegu haviingizwi nchini kwenye mkoba wa nguo. KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, wanataka kibali, na wana sababu zao. Nimeshasema, tuendelee.

Shida inaanzia kwenye neno. Lile neno la Kiingereza la kwenye pakiti, summer, kamusi zetu hulifasiri kiangazi, nasi tukisikia kiangazi tunajua tunachokijua: Januari na Februari, upepo wa vumbi, mfereji unakoroma hautoi maji, nyasi zimegeuka rangi ya mkate. Kiangazi cha Uingereza si hicho. Kule ni mchana wa zaidi ya saa 16, mvua za hapa na pale, na udongo uliotoka kwenye baridi ya miezi kadhaa. Nakuru iko kusini kidogo tu ya ikweta. Mchana wetu ni saa 12 na dakika chache, iwe Juni iwe Desemba. Kinachoamsha mimea hapa ni mvua. Kinachoinyamazisha ni ukavu. Na kinachoamua kama ua fulani litakupenda ni mwinuko wa kiwanja chako kuliko mwezi wa kalenda.

Mfano mwepesi ni rudbekia, yale maua ya manjano yenye jicho jeusi ambayo hayakosi kwenye pakiti za mchanganyiko. Huo mmea unangoja mchana mrefu ndipo uinue shina. Hapa unangoja, unangoja, unabaki majani yaliyolala chini kama mchicha uliokanyagwa. Ukipita Naivasha usiku ukaona nyumba za plastiki zinawaka taa, usidhani mtu amesahau kuzima. Kuna maua wanayoyadanganya kwamba jua halijazama. Wewe na bili yako ya stima hutaki mchezo huo.

Sasa lili. Kila kitu siku hizi kinaitwa lili. Agapanthasi ni lili, kana ni lili, kala ni lili, yungiyungi la kwenye maji ni lili, hata lile jani la kuweka sebuleni la ua jeupe ni lili. Sawa, iteni mnavyotaka, lakini mkija kununua tuelewane. Lili ya kweli, ya ukoo wa Lilium, ina kitunguu cha magamba kama kichwa cha saumu kilichopasuka, na asili yake ni nusu ya kaskazini ya dunia: Asia, Ulaya, Marekani Kaskazini. Ni mmea uliozoea kufunikwa na baridi kila mwaka, na humo ndimo ulimo ugomvi wangu na wateja.

Ugomvi wenyewe uko hivi. Unanunua kitunguu, unapanda, baada ya miezi mitatu hivi kinatoa maua ya kuwakusanya majirani kwenye ua. Mwaka wa pili kinatoa shina fupi lenye majani matupu, au hakitoki kabisa. Unakuja kwangu umenuna: "Ulichanua mwaka jana, kwa hiyo si hali ya hewa. Udongo umechoka." Kisha unaniambia umeshamwaga mbolea ya DAP vikombe viwili.

DAP haina baridi ndani yake! Kitunguu kile kilipokufikia kilikuwa kimeshiba baridi tayari. Vingi vya hapa vinatoka Uholanzi, ambako hukaa kwenye vyumba vya ubaridi wiki nyingi, na vile vya kuuzwa mwaka mzima hugandishwa chini kidogo ya sifuri. Wewe mwaka wa kwanza ulivuna baridi ya Wazungu. Mwaka wa pili kitunguu kimekuuliza baridi yangu iko wapi, nawe umekimwagia mbolea. Lili nyingi zinataka wiki 6 hadi 8 kwenye nyuzi 2 hadi 5. Zile za Orientali, zenye harufu ya kujaza nyumba, zinataka hata wiki 10. Usiku wa Nakuru mjini unakufanya utafute blanketi, lakini mchana udongo unapata joto tena, na hesabu inavurugika.

Basi kuna friji. Baada ya maua, kata kichwa tu, shina na majani uyaache mpaka yakauke yenyewe, maana ndiyo yanayokilisha kitunguu. Halafu chimba, panga kwenye mfuko wenye matundu pamoja na unga wa mbao uliolowa kidogo. Ukiukamua usitoe maji. Usikianike kama kitunguu cha kupikia: cha kupikia kina ngozi ya kukilinda, cha lili kiko uchi, na kikikauka kimekufa. Droo ya chini, si kwenye barafu.

Na matunda yasikae humo. Mwaka mmoja niliweka vitunguu thelathini kwenye droo nikaweka juu yake parachichi zilizoiva, nikijisifu kwa kubana nafasi. Matunda yanayoiva hutoa gesi inayoharibu chipukizi la ua lingali ndani. Nilivuna majani thelathini. Stima ilipotea mara mbili mwaka ule pia, kwa hiyo siwezi kuapa ni parachichi peke yake, ila sijarudia.

Hapa lazima nikiri jambo. Nina mteja Molo ambaye hajawahi kutia kitunguu kwenye friji, na lili zake zinarudi mwaka baada ya mwaka. Molo ni juu sana kuliko sisi, na asubuhi nyingine kunakuwa na jalidi. Lakini pia nina safu moja nyuma ya kitalu changu hapa Nakuru, mita 1,850 hivi, iliyochanua mwaka wa pili bila friji, ikagoma wa tatu, ikachanua wa nne. Nimejipa maelezo matatu tofauti na hakuna hata moja ninaloliamini sawasawa. Kwa hiyo nikikuuzia lili ya kweli hapa mjini, hesabu kwamba umenunua maua ya msimu mmoja. Yakirudi, mshukuru Mungu. Usinishukuru mimi.

Jambo la pili ni ncha za majani kuungua. Watu husema jua. Huenda ni jua. Lakini maji ya visima vingi vya huku Bonde la Ufa yana floridi nyingi, ile ile iliyotia meno yetu rangi ya chai, na lili ni miongoni mwa mimea inayoionea uchungu. Mbolea ya superfosfeti nayo hubeba floridi yake. Mimi siku hizi lili nazinyweshea maji ya mvua ya kwenye tangi, na zimepungua kuungua.

Kupanda kwenyewe ni haraka: sentimita 15 chini, kwa sababu shina la lili hutoa mizizi juu ya kitunguu pia. Udongo usituamishe maji. Miguu kivulini, kichwa juani. Kama una fuko, na Nakuru nani hana fuko, zungushia waya wa kuku wenye matundu madogo ardhini, la sivyo unamlisha mnyama kwa pesa yako. Na kama una paka, acha kabisa lili, hata ile ya siku moja nitakayoitaja hapa chini. Figo za paka hazistahimili hata chavua anayojilamba manyoyani.

Kwa mtu anayetaka tu rangi, ningeanzia kwingine. Lili ya siku moja, Hemerocallis, si lili ya kweli, kila ua linaishi siku moja tu, lakini kesho kuna lingine na keshokutwa lingine. Chagua aina isiyopukutisha majani, maana zile za kulala baridi zitakusumbua yale yale. Agapanthasi ya Afrika Kusini haitaki maneno. Dalia zilitoka nyanda za juu za Meksiko, kwa hiyo Nakuru na Eldoret ni kama kwao, isipokuwa fuko anazipenda kuliko viazi. Kisumu, mita 1,100 na kitu na joto lake, sahau lili. Panda kana, zinia, haibiskasi. Kwa udongo mweusi wa tambarare za Kano, huko huko Kisumu, inua tuta kwanza, halafu ndipo uzungumze na mimi. Bogenvilia pale itawaka ukiinyima maji. Wanaoinywesha kila jioni wanafuga majani.

Anayetaka rangi ya Desemba, wageni wanaporudi mashambani, asie zinia mwishoni mwa Septemba au mwanzo wa Oktoba, mvua za mwisho wa mwaka zimkute tayari.

Na tusisahau tulizo nazo. Ile Gloriosa superba, inayopanda kwenye vichaka kwa ncha za majani yake, ni ya kwetu kabisa, inalala kiangazi na kuamka na mvua bila kuuliza mtu. Tahadhari, kiazi chake kina kolchisini na ni sumu ya kuua. Usiipande penye watoto wa kuchimbachimba. Nyinyoro nayo, lile tufe jekundu linalotokea mvua za kwanza kabla majani hayajakamilika, inakaa kwenye chungu kimoja miaka mingi. Ila usiende kuing'oa msituni, nunua iliyozalishwa.

Yule mama wa London alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama tena picha yake, kisha akaniuliza kama friji ya dukani kwake, ile ya soda, inafika nyuzi 5. Nimemwambia aweke kipimajoto usiku mmoja kisha anipigie.