Kuachia msimbo wa programu ya biashara: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana: Programu ni yetu, kwa hiyo msimbo wote ni wetu.

Hapa ndipo wengi hukwama wanapotaka kuuweka wazi kwa wote msimbo, yaani maandishi ya programu (source code). Programu ya kuuzwa huwa na vipande vya kukodi: maktaba (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) ya sauti, ya fonti, ya usimbaji fiche. Leseni ya kukodi hukuruhusu kuuza programu iliyokamilika, si kugawa msimbo wa mwenzako. Kampuni ya id Software walipoachia msimbo wa mchezo wao wa kompyuta, Doom, Desemba 1997, walitoa ule wa mfumo wa Linux, si wa mfumo wa DOS uliochezwa na wengi, kwa sababu wa DOS ulitegemea maktaba ya sauti ya DMX, ambayo haikuwa yao.

Kwa hiyo pitia faili moja moja. Tafuta kwa grep (amri ya kutafuta maneno ndani ya faili) maneno "Copyright", "Confidential" na "All rights reserved". Faili isiyo na maelezo yoyote juu yake ndiyo ya kuogopa zaidi. Ulizia ilitoka wapi na nani aliiandika. Kisicho chako kiombee idhini ya maandishi, au kitoe uandike mbadala.

Dhana: Tukikosea tutafuta.

Faili iliyofutwa kwenye Git, mfumo unaotunza kila badiliko la msimbo, hubaki nzima kwenye historia. Msimbo wa Winamp, programu ya kuchezea muziki, uliwekwa kwenye tovuti ya GitHub Septemba 2024. Watu wakakuta ndani yake msimbo wa kampuni nyingine, na Oktoba ukaondolewa, nakala zikiwa zimeshasambaa. Anzisha hifadhi mpya isiyo na historia, au isafishe kwa zana ya git filter-repo kabla ya kuifungua, si baada. Nywila zilizosahaulika ndani ya msimbo hutoka kwa njia hiyo hiyo, na hizo zibadilishwe hata kama umezifuta.

Dhana: Msimbo ukishaonekana na wote, hakimiliki imekwisha.

Haikwishi. Pasipo leseni, kuusoma si ruhusa ya kuusambaza. Doom ilianza na leseni iliyokataza biashara, ikahamia GPL, leseni huria, mwaka 1999. Picha, sauti na ramani hazikuguswa: anayetaka kuicheza Doom yenyewe bado anahitaji faili ya WAD, yenye vitu hivyo, aliyoipata kihalali.

Dhana: Hakimiliki ikiwa safi, hakuna kingine cha kuhofia.

Kuna hataza (patent). Kabla msimbo wa Doom 3 haujatoka Novemba 2011, John Carmack, mwandishi wa programu wa id Software, alibadilisha mistari michache ya kuchora vivuli, kwa kuwa mbinu iliyotumika ilikuwa na hataza ya kampuni ya Creative. Hakuna aliyekuwa amenakili msimbo wa mtu. Hataza hushika mbinu yenyewe, hata uiandike kwa mkono wako.