Skrubu ya Kabureta Haijizungushi Yenyewe

Katika fukwe za Entebbe na Ggaba, kando ya Ziwa Victoria nchini Uganda, wapo wanaoamini kwamba pikipiki ya majini ikisitasita inapovutwa mafuta, dawa ni kushika bisibisi na kuzungusha skrubu za kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Dhana hiyo ni potofu, tena ni ya hatari. Skrubu iliyofaa msimu uliopita haijizungushi yenyewe. Mara nyingi kilichobadilika ni njia ya petroli. Katika baadhi ya mashine za miaka ya 1990, mipira ya kijivu ya mafuta huoza kwa ndani na kutoa ute wa kijani, unaoziba kichujio kidogo kilichofichwa ndani ya kabureta, ambacho wengi hata hawajui kuwa kipo. Petroli iliyolala miezi kadhaa nayo huacha gundi kwenye jeti, yaani vitundu vyembamba vya kupitishia petroli ndani ya kabureta.

Wengine husingizia mwinuko. Ni kweli kwamba Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, lakini hewa nyepesi huifanya petroli iwe nyingi mno ikilinganishwa na hewa, kwa hiyo haielezi injini inayokosa mafuta.

Ubaya wa kubahatisha ni mkubwa katika injini ya mipigo miwili ambayo oili yake huchanganywa na petroli tangini, kwa sababu skrubu ikikazwa kupita kiasi, pistoni hupungukiwa na vyote viwili, hupata joto kali na kukwama, abiria akiwa mbali na nchi kavu. Kagueni kwanza vichujio, mipira na plagi. Plagi nyeupe huashiria uhaba wa petroli, nyeusi yenye unyevu huashiria wingi wake.