Mashindano ya bloku: kiangalie kitambaa kabla ya kuchagua mchoro

Mashindano ya bloku, yaani miraba ya viraka vilivyoungwa, yakitangazwa kwenye vikundi vyetu vya ushonaji hapa Dar, swali linalonifikia kwanza ni hili: "Fundi, nishone mchoro gani?" Nami huuliza: kitambaa ulichopewa kikoje?

Utaratibu ni rahisi. Washiriki wote wanapewa kitambaa cha aina moja, kila mmoja anaongeza rangi zake na kushona mraba wa inchi 12½. Miraba ikiungwa inakuwa mfarishi mmoja. Ile nusu inchi humezwa na mishono ya kuungia, robo huku na robo kule.

Wengi wameshachagua mchoro kabla hawajafungua kifurushi, na hapo ndipo kazi nzuri inapopotea. Tuseme umepewa kipande cha kanga yenye korosho, na korosho moja ina upana wa kiganja. Ukiikatakata vipande vya inchi 2, yanabaki madoa ya rangi tu, na mwenye kukupa kitambaa hatakitambua. Maua makubwa yanataka viraka vikubwa: viraka tisa, vitatu kwa vitatu, vya inchi 4 vikishashonwa, au mraba mpana katikati uliozungushiwa vipande virefu vya rangi moja. Pembetatu ndogo ndogo waachie vitenge vya nukta na mistari myembamba.

Ili ua likae sawasawa katikati ya kiraka, kata karatasi ya manila mraba wa inchi 4½, kisha toboa ndani yake dirisha la inchi 4. Litembeze juu ya kitambaa taratibu mpaka upate unachokipenda, ndipo upige chaki kuzunguka ukingo wa nje. Hatua hii naipenda kuliko zote, na siharakishi hata kama siku ya kukabidhi imekaribia. Kama kipande chako kimeangukia kwenye jina la kanga, ama lisomeke lote ama libaki nje kabisa. Maneno yaliyokatwa katikati huniumiza macho.

Kitambaa cha kuongezea, Kariakoo kimejaa, ila hakikisha ni pamba. Chomoa nyuzi mbili tatu uziunguze: pamba huacha majivu laini na harufu ya karatasi iliyoungua, tetroni huyeyuka na kuganda kama shanga. Nyekundu na buluu iliyokoza zijaribu pia. Weka kitambaa cheupe chenye maji juu yake, piga pasi, utazame kama rangi imehamia.

Sasa robo inchi. Sisi mafundi wa nguo tumezoea kuacha nafasi ya mshono, mteja akinenepa tumfungulie. Kwenye bloku mkono huo haufai. Viraka tisa vina mishono miwili kwa upana, yaani kingo nne zinazomezwa. Ukizidisha sehemu moja ya kumi na sita ya inchi kwenye kila ukingo, umeshapoteza robo inchi nzima. Mchoro wa viraka vinane kwa upana una kingo kumi na nne, na kosa lile lile linakula karibu inchi moja. Pima kwa rula kutoka kwenye sindano, kisha bandika selotepu nene juu ya bamba la cherehani iwe ukuta wa kuongozea kitambaa. Shona vipande viwili vya majaribio, vifungue, upime kabla hujagusa kitambaa cha mashindano, maana mara nyingi hakuna kingine cha kuongezewa.

Pasi iinue na kuishusha. Ukiiburuta, kingo zilizokatwa mshazari zinavutika na mraba unapinda. Mishono ilaze upande wa rangi iliyokoza ili isionekane kupitia kitambaa cheupe.

Kabla ya kukabidhi, pima pande zote nne na katikati pia. Ikitoka inchi 12¼ usiivute kwa mvuke ifike. Itarudi ikifuliwa na kukunjamanisha bloku za jirani. Fumua mishono ya kati, ushone upya kwa robo inchi halisi.