Kuchomelea kwa ukinzani hakutegemei volti kubwa

Katika kuchomelea kwa ukinzani, joto hutokana na jinsi chuma kinavyozuia umeme kupita; kuzuia huko ndiko ukinzani. Wengi huamini kwamba mashine yake, inayobana mabati mawili na kuyaunganisha kufumba na kufumbua huyayeyusha kwa volti kubwa. Sivyo. Kati ya ncha zake mbili za shaba huwa na volti chache tu, kwa kawaida pungufu ya zile za betri ya gari. Kinachoyeyusha chuma ni mkondo wa umeme: kwa mabati ya bodi ya gari, ampea 8,000 na zaidi, kwa muda usiofika sekunde moja. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne.

Mbona basi shaba yenyewe haiyeyuki? Ukinzani wake ni mdogo, na maji hupita ndani yake kuipoza. Ukinzani mkubwa uko pale mabati yanapogusana, na hapo ndipo tone la chuma huyeyuka, kisha huganda likiwa bado limebanwa.

Yabandue kwa nguvu uone: kiungo kizuri hakiachii, bati moja ndilo hutoboka. Ndiyo maana bodi ya gari moja hushikiliwa na maelfu ya viungo vidogo kama hivi. Elihu Thomson alianzisha mbinu hii Marekani miaka ya 1880.