Kabla ya dawa, kiangalie kiatu: maswali na majibu kuhusu afya ya miguu

Kuanzia kifundoni kwenda chini, kila mguu una mifupa 26 na maungio 33, na vyote hivyo vinabeba mwili mzima kutwa vikiwa vimefungiwa ndani ya kitu ambacho wengi wetu tulikichagua kwa macho. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayoulizwa mara nyingi na watu wenye maumivu ya miguu. Utaona mengi yanaanza na dawa ila jibu lake linaanza na kiatu.

Siku hizi kila kiatu kinaitwa cha afya. Nitajuaje kinachoushika mguu kweli?

Usisome boksi, kishike mkononi. Kwanza bana sehemu ya nyuma, pale kisigino kinapokaa, kwa kidole gumba na cha shahada. Inatakiwa iwe ngumu. Ikibonyea mara moja, kisigino chako kitayumba humo kila unapopiga hatua. Pili, shika ncha na nyuma ukikunje. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapoanzia, kwa sababu ndipo mguu wenyewe unapokunjika. Kikikunjika katikati, chini ya tao la unyayo, yaani pale unyayo ulipoinuka, hakina nguvu ya kukubeba. Tatu, kisokote. Kikigeuka kirahisi mpaka soli inatazama juu, kirudishe ulikokitoa.

Baada ya hapo tazama soli iwe nene na yenye kunesa kidogo, kisigino kiwe cha sentimita 2 au 3 hivi, na pawe na kitu cha kuufunga mguu, kamba au mkanda. Kiatu cha kuchomeka tu hakikai mguuni bure: ama kimebana, ama vidole vyako vinajikunja kukishikilia bila wewe kujua. Bei haipimi lolote kati ya haya. Na kama miguu yako haina shida yoyote, huhitaji kiatu maalumu. Kinachokutosha vizuri kinakufaa.

Nimevaa namba ileile tangu ujana, lakini sasa kila kiatu kinanibana. Kwa nini?

Kwa sababu mguu haukubaki uleule. Umri unapokwenda, kano hulegea, tao hushuka, na mguu hurefuka na kupanuka. Ujauzito na kuongezeka uzito hufanya hivyohivyo. Tena namba hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, kwa hiyo ichukulie kama mahali pa kuanzia tu.

Jaribu viatu jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa shughuli za mchana, ukiwa umevaa soksi unazovaa siku zote. Jaribu vyote viwili, kwa kuwa mguu mmoja mara nyingi huuzidi mwingine, na ufuate ule mkubwa. Simama, usipime ukiwa umekaa. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya sentimita moja hivi, na kumbuka kwamba kwa baadhi ya watu kidole kirefu ni cha pili, si gumba.

Kuna kipimo kingine cha nyumbani ambacho huwaacha watu midomo wazi. Simama peku juu ya karatasi, mtu akuchoree mguu huku penseli ikiwa wima, kisha weka juu ya mchoro huo kiatu unachokipenda. Kwa viatu vilivyochongoka mbele, mstari wa vidole hutokeza nje pande zote mbili. Hiyo nyama iliyobaki nje ndiyo unayoisokomeza ndani kila asubuhi. Kuhusu lile neno la “kitalegea ukikizoea”: ngozi ya juu inaweza kulegea kidogo, soli haiongezeki upana.

Asubuhi nikikanyaga chini, kisigino kinachoma kana kwamba nimekanyaga msumari. Nikitembea kidogo kinatulia, jioni kinarudi.

Maelezo haya peke yake karibu yanatosha kuitambua shida. Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole, na ndio unaolishikilia tao. Ukilemewa, huanza kuchubuka pale unaposhikana na mfupa. Kinachoulemea ni kusimama kutwa kwenye sakafu ngumu, uzito kuongezeka, kuanza kukimbia kwa pupa, au kushinda na kiatu chenye soli nyembamba. Usiku mguu ukipumzika, utando hujikunyata, na ile hatua ya kwanza ya asubuhi huuvuta kwa ghafla.

Wengi hupigwa eksirei wakaambiwa wana mwiba wa mfupa kisiginoni, na wakitoka hapo wanataka mwiba ukatwe. Mwiba huo wanao pia watu wengi ambao hawajawahi kuumwa kisigino maishani, na anayeumwa anaweza kupona ukiwa bado upo palepale. Usikukoseshe usingizi.

Tiba kubwa ni kunyoosha, na wakati wake muhimu ni kabla ya hatua ya kwanza. Ukiamka, kaa ukingoni mwa kitanda, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole vyote uvivute kurudi nyuma, kuelekea kwenye ugoko, mpaka uhisi unyayo umekaza. Ukipitisha kidole gumba cha mkono wa pili katikati ya unyayo utaugusa huo utando ukiwa umekakamaa. Hesabu hadi 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Ongeza kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu: egemea ukuta kwa mikono, mguu unaouma uwe nyuma, goti limenyooka, kisigino hakinyanyuki, sekunde 30. Jioni viringisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya unyayo kwa dakika 10 hivi, ukiwa na soksi.

Halafu usitembee peku ndani ya nyumba kama sakafu ni ngumu. Weka viatu vyenye soli nene kando ya kitanda, ndivyo vipokee hatua ya kwanza. Ibuprofeni hutuliza kwa siku chache, ila mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu, na mjamzito, asiimeze kabla ya kuuliza. Na ujiandae kusubiri: huhesabiwa kwa miezi, si kwa siku. Wengi hupona ndani ya mwaka bila kuguswa na kisu. Wanaokata tamaa ni wale walionyoosha wiki mbili wakaacha.

Mfupa wa pembeni mwa kidole gumba umetokeza nje, na kidole kinawalalia wenzake. Ni viatu?

Viatu vina mkono wao, lakini mara nyingi umbo la mguu limerithiwa, na kiatu chembamba au cha mchuchumio huharakisha kilichokuwa njiani. Kisigino kirefu husukuma uzito mbele, vidole vikajazana kwenye ncha. Vifaa vya kutenganisha vidole hupunguza msuguano na maumivu. Havirudishi mfupa mahali pake, hata tangazo liseme nini. Njia pekee ya kuunyoosha ni upasuaji, nao hufanywa kwa sababu ya maumivu, si kwa ajili ya sura. Kwa sasa, vaa kiatu kipana mbele, kisicho na mshono unaopita juu ya ule mfupa.

Lakini kama gumba limevimba ghafla usiku, jekundu, la moto, na hata shuka likiligusa unapiga kelele, hilo ni jambo jingine. Huenda ni jongo, na linatibiwa hospitali.

Nina sugu vidoleni. Naweza kuikata kwa wembe?

Hapana. Sugu ni ngozi iliyojilinda dhidi ya kitu kinachoisugua, na ukiikata huku kiatu kikibaki kilekile itaota tena, safari hii ikiwa na kidonda juu. Tafuta kinachosugua. Ingiza vidole vya mkono ndani ya kiatu, mahali palipo sawa na ile sugu, na mara nyingi utakutana na mshono au bitana iliyokunjamana. Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, sugua taratibu kwa jiwe la miguu, paka mafuta. Usimalize yote kwa siku moja.

Na magaga? Visigino vimepasuka hadi vinatoa damu.

Ngozi ya kisigino ni nene, na ikikauka hupasuka pale uzito unapoisukuma pembeni. Kandambili na viatu vilivyo wazi nyuma huongeza tatizo kwa kuwa hakuna kinachokizuia kisigino kutanuka. Krimu yenye urea ya asilimia 10 hadi 25 hulainisha vizuri kuliko losheni ya kawaida. Ukiikosa, mafuta ya mgando yanafaa, hasa ukipaka mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, ukavaa soksi ukalala. Kwenye mpasuko unaotoa damu usipake urea kwanza, itawasha. Osha, paka mafuta ya mgando, funika mpaka ufunge.

Katikati ya vidole panawasha, ngozi nyeupe inabanduka, na viatu vinanuka.

Dalili hizo zinafanana sana na za fangasi, na hupenda kuanzia kati ya kidole cha mwisho na jirani yake, mahali ambapo taulo halifiki. Krimu ya klotrimazo hupakwa hadi wiki nne, ile ya tabinafini mara nyingi wiki moja inatosha. Kosa la kawaida ni kuacha muwasho unapokoma. Ukitumia klotrimazo, endelea wiki mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Epuka kujipaka krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe, peke yake: muwasho unatulia, fangasi wanaendelea kutanuka chini kwa chini.

Kiatu nacho kitibiwe. Usivae jozi moja siku mbili mfululizo, kipe saa 24 kikauke, kamba zikiwa zimelegezwa na kitandiko cha ndani kimetolewa. Soksi badilisha kila siku. Harufu husababishwa na bakteria wanaokula jasho na ngozi iliyokufa. Kunyunyizia manukato juu yake ni kuchanganya harufu mbili.

Ukucha wa gumba umeingia kwenye nyama.

Kata kucha moja kwa moja, usizungushe pembe, wala usizikate fupi mno. Ukucha ukiwa umeanza kuuma, loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu mara kadhaa kwa siku, ukisukuma nyama taratibu iachane na ukucha, na vaa kiatu kilicho wazi mbele. Pakiwa na usaha, nenda kituo cha afya. Kuchimba pembe mwenyewe kwa mkasi ndiko kunakowapeleka wengi huko.

Mama yangu ana kisukari. Ana kidonda mguuni lakini anasema hakimuumi. Tusubiri?

Msisubiri. Mpelekeni leo. Kidonda kisichouma kwa mwenye kisukari ndicho kinachowatia hofu wahudumu, maana sukari iliyokaa juu kwa miaka huharibu neva hadi mguu unakufa ganzi, na huharibu mishipa ya damu hadi kupona kunachelewa. Mtu anaweza kushinda na kokoto ndani ya kiatu, akaigundua usiku anapovua soksi yenye damu.

Kwa kuwa mguu hausemi tena, macho yafanye kazi hiyo. Kila siku mama akaguliwe nyayo, visigino na katikati ya vidole. Akiwa peke yake, aweke kioo sakafuni apitishe mguu juu yake. Kabla ya kuvaa kiatu, aingize mkono ndani apapase. Maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko, na asiote moto miguu. Apake mafuta kila mahali isipokuwa katikati ya vidole. Plasta za asidi za kuondoa sugu zisiingie nyumbani kwake. Asitembee peku, hata chumbani, na kandambili si kinga: gidamu husugua kati ya vidole na mguu wenyewe uko wazi. Kiatu kipya akivae saa moja tu siku ya kwanza, kisha akivue muangalie kama pana wekundu.

Angalau mara moja kwa mwaka miguu yake ipimwe kliniki. Mhudumu hugusa sehemu kadhaa za unyayo kwa uzi wa nailoni unaokandamiza kwa nguvu ya gramu 10, mgonjwa akiwa amefumba macho, na hutafuta mapigo ya damu mguuni. Hakuna sindano wala maumivu. Kama hawakumvua viatu, ombeni.

Mtoto wangu wa miaka mitatu ana nyayo bapa. Nimnunulie viatu maalumu?

Hapana, kama haumwi na anakimbia kama wenzake. Watoto wengi wa umri huo wako hivyo, na tao hujitokeza wanapokua. Mwambie asimame kwa ncha za vidole: tao likionekana, tulia.

Ni wakati gani nisijitibu nyumbani?

Nenda haraka ukiona kidole kimekuwa cheusi au cha bluu na ni cha baridi, wekundu unaopanda mguuni pamoja na homa, au mguu ulioumia usioweza kuukanyagia hata hatua chache. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, ni dharura pia, huenda damu imeganda ndani. Mwenye kisukari ambaye mguu wake umevimba na una joto kuliko wa pili asiukanyagie hata kama hauna kidonda, kwani mifupa inaweza kuwa inavunjika bila maumivu.

Kwa yale yasiyo ya dharura, onana na mhudumu kama huna kisukari na kidonda hakijapona kwa wiki mbili, au kisigino hakijapata nafuu baada ya wiki sita za kunyoosha. Siku hiyo usivae vile viatu vizuri vya kutokea. Nenda na vile unavyovaa siku zote, uvigeuze mezani mhudumu aone soli imeliwa upande gani.