Anastaafu Ijumaa, nimeitwa Jumatano

Nimeitwa tena. Fundi mkuu wa pampu anastaafu Ijumaa, na simu imeingia Jumatano: "Njoo umsaidie aandike anachokijua chote, tukiweke kwenye mfumo." Nilikwenda, maana ndiyo kazi yangu, usimamizi wa maarifa, ila nilikwenda nimenuna.

Mfumo ni kabati tu la hati. Kupanga hati ni kazi ya watunza kumbukumbu, kazi nzito na yenye heshima yake. Hayo nayapita.

Kinachonikera ni hilo neno "chote". Watu wamesikia habari za maarifa fiche, yaani ujuzi alionao mtu bila kuweza kuueleza wote kwa maneno, wakadhani ni maarifa ambayo hayajaandikwa bado, kana kwamba mzee amekuwa mvivu tu miaka yote hiyo. Mwanafalsafa Michael Polanyi alipoandika mwaka 1966 kwamba tunajua mengi kuliko tunayoweza kuyasema, hakuwa akizungumzia uvivu. Sura ya mtu unaitambua katikati ya umati. Haya, eleza umeitambuaje. Halafu mwaka 1995 wasomi wa Kijapani Nonaka na Takeuchi wakaleta, kwenye kitabu chao, mzunguko wa hatua nne za jinsi maarifa yanavyozaliwa na kuenea kazini, na wateja wangu wakaing'ang'ania ya pili, ile ya kugeuza maarifa fiche kuwa maandishi. Ya kwanza, ya kufanya kazi bega kwa bega na anayejua, hawaioni kabisa. Na mfano maarufu wa kitabu hicho ni mashine ya mikate ya Matsushita, kampuni ya Japani ya vifaa vya umeme: mtaalamu wao alikwenda hotelini kujifunza kukanda unga kwa mwokaji mkuu. Hakumpelekea fomu ajaze!

Mwanaanthropolojia Julian Orr naye aliwafuata mafundi wa mashine za fotokopi wa Xerox, akakuta hitilafu sugu zinatatuliwa kwa kusimuliana visa, si kwa kufunua kitabu cha maelekezo tu.

Nikiri jambo. Hata mimi sina hakika kwamba hiyo hatua ya pili, ya kugeuza maarifa fiche kuwa maandishi, ipo. Pengine kinachoandikwa si kile alichonacho fundi bali ni kitu kipya kinachofanana nacho. Msomi wa sayansi ya taarifa, T. D. Wilson, aliandika mwaka 2002 kwamba fani yetu, kwa sehemu kubwa, ni usimamizi wa taarifa uliobadilishwa jina. Kuna siku namkubali, hasa nikiwa njiani kurudi nyumbani. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa maarifa, ISO 30401 cha 2018, kimetupa la kusema vikaoni. Shaka hiyo hakikuiondoa.

Niliomba mrithi wa fundi akae naye miezi mitatu. Bajeti hakuna. Ya mfumo ilikuwepo.

Basi tukaandika. Tulipofika kwenye beringi nikamuuliza anajuaje kwamba inakaribia kufa. "Mlio unabadilika." Unabadilikaje? Akafikiri, akajaribu kuuigiza kwa mdomo, akacheka.

"Utausikia tu."

Nimeuandika hivyo hivyo, ukurasa wa nne.