Je, Wajua Treni Hushushaje Kokoto Bila Beleshi?

Tipa likifika saiti hunyanyua bodi, kokoto zikaporomokea nyuma. Behewa la treni kwa kawaida halinyanyuki hivyo. Lile la mawe huko Uingereza, likijaa, hufika tani 102. Na treni moja kutoka machimbo ya vilima vya Mendip kwenda London huweza kuwa na zaidi ya tani 4,000. Basi nani huzishusha?

Uzito wa mawe yenyewe. Simama karibu na rundo la kokoto la jirani anayejenga, umwage ndoo moja kileleni. Zitabingirika ubavuni mpaka zitulie, na mteremko utabaki ule ule, nyuzi 35 hadi 40 hivi. Ndiyo maana behewa la kazi hii hujengwa kama faneli: sakafu ya bati zito iliyoinama kuliko mteremko huo, na chini kabisa milango. Milango ikifunguliwa, kwa gurudumu la mkono au kwa upepo wa kompresa, mawe hayana pa kushika. Kwenye vituo vya kupakulia reli hupita juu ya shimo; mawe huangukia humo, na mkanda huyapeleka kwenye malundo.

Mchanga mbichi ndio mkaidi. Hung'ang'ania kuta hadi behewa litikiswe kwa mashine.

Kinachonivutia zaidi ni umwagaji wa kokoto za reli yenyewe, zile zinazoshika mataruma, yaani vipande virefu vinavyolazwa chini ya reli kuzibeba. Hapa treni hutembea polepole, milango ikiwa wazi. Utadhani behewa zima litamwagika mahali pamoja. La! Kokoto zikishalundikana chini mpaka zikagusa mdomo wa mlango, rundo hilo hilo huuziba. Treni ikisogea kidogo, mdomo huachia, zikashuka nyingine, hivyo hivyo hadi behewa liishe.

Lakini rundo likizidi kimo cha reli, magurudumu yanayofuata yanaweza kupanda mawe na behewa likaacha njia. Kwa hiyo Marekani mafundi wa njia wamezoea kulaza taruma zima la mbao, kukingama juu ya reli zote mbili, mbele ya magurudumu. Treni ikienda, magurudumu hulisukuma taruma, nalo hukwangua kokoto zilizozidi na kuzisukumia pembeni, reli zikabaki wazi.